Kaunta buku ya kwaya tatu: daftari lililonipandishia malipo ya kucha

Bidhaa ninayoitathmini hapa inauzwa kila duka la vifaa vya shule na haina tangazo. Ni kaunta buku, lile daftari kubwa la jalada gumu ambalo wenye maduka huandikia madeni na wanafunzi wa sekondari huandikia notsi. Langu ni la kwaya tatu, yaani unene wa kurasa 288, jalada jeusi na mgongo wa kitambaa chekundu. Nililinunua Kariakoo, Mtaa wa Congo, kwa shilingi 6,500, siku niliyokwenda kutafuta pamba na tipsi, zile ncha za kucha za bandia. Huu ni mwezi wa nane liko nami kwenye meza ya kucha Sinza. Tangu nimalize kozi ya kucha nimenunua taa ya kukaushia rangi, mashine ya kusagia kucha, brashi za akriliki (ule unga wa kujengea kucha) na rangi zisizo na idadi, na hakuna hata kimoja kilichonirudishia hela yangu kama hili daftari.

Nawaandikia hasa wadogo zangu wanaomaliza kozi sasa hivi. Unatoka na cheti, unajua kuchonga kucha ya mlozi na ya mraba, unajua sekunde ngapi mkono ukae kwenye taa. Halafu unaingia saluni, unaambiwa asilimia fulani, unaitikia. Kozi yangu ilikuwa ya wiki sita, nililipa 400,000, na ndani ya wiki hizo sita hatukuwahi kukaa hata saa moja kuzungumzia malipo. Hakuna aliyetuambia kwamba ukitajiwa asilimia, swali linalofuata ni: asilimia ya nini?

Saluni ya kwanza niliyoingia ilikuwa Kijitonyama, jina lake nitaliacha. Makubaliano yalikuwa ya mdomo, tumesimama mlangoni, mwenye saluni ana funguo mkononi. "Nusu kwa nusu, mdogo wangu, hapa hatunyonyani." Nikafurahi, sikuuliza kitu cha pili. Mwezi ulipoisha akaniita, akafungua daftari lake, akaanza kunisomea. Mauzo yako 880,000. Moyo ukaniruka, maana nusu yake ni 440,000 na kichwani nilishaanza kuigawa: kodi ya chumba, hela ya nyumbani, taa mpya. Akaendelea kusoma. Vifaa asilimia 35, vinatoka kwanza, 308,000. Imebaki 572,000, nusu yake 286,000. Taa iliyoungua mezani kwako, 45,000. Wateja wawili waliorudi kucha zimebanduka, 27,000. Chukua 214,000 yako.

Taa ile niliikuta inazimikazimika siku ya kwanza nilipokaa kwenye ile meza. Nilimwambia hivyo. Akaniuliza nilimwambia lini. Sikuwa na tarehe. Nikamwambia hao wateja wawili, mmoja alirudi baada ya wiki tatu, kucha zimeshakua, huo ni muda wa kujazia pale kucha ilipoota na si kosa la kazi. Akaniuliza ni mteja gani, aliweka kucha siku gani. Sikukumbuka. Kila nilichosema kilikuwa kweli, na kila kimoja kilianguka pale pale kwa sababu yeye alikuwa na daftari na mimi nilikuwa na kichwa tu.

Nilikaa pale miezi mitatu. Jioni ya siku niliyoacha nilikwenda kwa mama mdogo wangu, Temeke. Mama mdogo anachukua samaki Feri alfajiri na kuwagawia mama ntilie kwa mali kauli, wanamlipa jioni wakishauza. Nikamwamkia, nikakaa jikoni, nikamweleza yote huku nalia. Alinisikiliza akiendelea kuparua samaki mpaka nikamaliza. Kisha akauliza, "Umeandika wapi?" Nikasema sijaandika. "Sasa utamdai kwa ushahidi gani, mwanangu?" Akanawa mikono, akaingia ndani, akatoka na kaunta buku lake. Magamba ya samaki yamekaukia katikati ya kurasa. Kila mama ntilie ana ukurasa wake: tarehe, kilo, bei, alicholipa, kilichobaki. Akaniambia katika miaka yote ya biashara hiyo hajawahi kugombana na mtu akashindwa, kwa sababu hagombani, anafungua ukurasa. Wiki iliyofuata nikanunua la kwangu.

Sasa niseme linavyofanya kazi mezani.

Saluni ya pili, hii ya Sinza niliyopo mpaka leo, dada mwenye saluni alinipa asilimia 35 ya bei anayolipa mteja, vifaa vyote vyake. Safari hii niliuliza. "Dada, 35 ya hela yote au baada ya kutoa vifaa?" Akasema ya hela yote. Nikaandika ukurasa wa kwanza wa daftari, mbele yake, na tarehe. Hakukasirika. Nilikuwa nimeogopa sana kuuliza na ilichukua sekunde kumi.

Kila siku ina ukurasa wake. Nilichora mistari kwa rula usiku mmoja, kurasa arobaini kwa mkupuo, nguzo saba: saa ya kuanza, saa ya kumaliza, kazi, bei, keshi au simu, chupa niliyotumia, na nguzo ya mwisho ya neno lolote la ziada. Jina la mteja siandiki lote, naandika herufi mbili za mwanzo, maana meza ya kucha watu husogea na kusoma, na wateja wengine hawapendi ijulikane wamekuja na nani. Chini ya ukurasa najumlisha. Nikifika nyumbani nimechoka naweza kuacha kuoga nikaanza na kula, ila kujumlisha siachi, kwa sababu ukiacha siku mbili ya tatu unaanza kubuni.

Kuna jambo dogo ambalo muuza duka hatakuambia. Meza yetu ina asetoni kutwa nzima. Wiki ya kwanza niliandika kwa peni ya kawaida, ya bluu. Ijumaa moja namtoa mteja kucha, kibakuli kikapinduka kidogo, asetoni ikatambaa mpaka kwenye ukurasa wa Jumatano. Niliona maandishi yakitanuka, yakawa ua la bluu, kisha yakawa doa. Mauzo ya siku nzima yalikwenda hivyo, na ilinibidi niyapange upya kwa jumbe za miamala ya simu na kwa kuwauliza wenzangu. Tangu siku hiyo naandika kwa penseli ya HB. Asetoni haiigusi penseli, karatasi inakauka na namba zipo vile vile. Kwa kuwa penseli inafutika na mtu anaweza kusema umebadilisha, kila Jumamosi jioni jumla ya wiki naiandika kwa peni, na dada mwenye saluni anatia sahihi pembeni. Ukurasa huo wa Jumamosi naufunika kwa plastiki ya jalada la daftari la zamani.

Nguzo ya chupa ndiyo iliyonifundisha zaidi. Chupa ya rangi ya jeli ikifunguliwa naandika tarehe, ikiisha naandika tena, kisha nahesabu ilipaka watu wangapi. Chupa moja nyekundu ya mililita 15, iliyonunuliwa 12,000, ilipaka watu 34. Hiyo ni kama 350 kwa mtu. Ongeza besi na topu, yaani tabaka la chini na la juu, 700. Glavu jozi moja, 450. Asetoni, pamba, kipande cha tupa, 500. Rangi ya jeli ya 15,000 inakula vifaa vya 2,000 hivi. Akriliki nayo: kopo la unga la gramu 120 la 35,000 lilinitolea seti 15, yaani 2,300 kila seti, ukiongeza likwidi, tipsi, gundi, praima, tupa na glavu unafika kwenye 6,000. Bei ya mteja 35,000.

Niliporudia hesabu hiyo mara tatu nikakaa kimya. Kule Kijitonyama nilikuwa nakatwa vifaa asilimia 35. Kwa jeli ni kama asilimia 13, kwa akriliki ni 17. Vifaa vilikuwa vinakatwa zaidi ya mara mbili ya gharama yake, kila siku kwa miezi mitatu, na sikuwa na njia ya kujua kwa sababu sikuwahi kuandika chupa imefunguliwa lini. Ndiyo maana nasema, hata kama hutaandika kingine chochote, andika chupa.

Nguzo hiyo hiyo ilinisaidia jambo jingine lisilo la hela moja kwa moja. Mteja mmoja alirudi pembeni ya kucha kumevimba na kunawasha. Nilifungua ukurasa, nikaona besi niliyotumia, nikaona wengine wawili waliolalamika kuwashwa walipakwa besi ile ile. Tukaitoa mezani. Tangu hapo nasoma lebo. Kuna kiambato kinaitwa TPO kinachosaidia jeli kukauka kwenye taa. Umoja wa Ulaya umekipiga marufuku kwenye vipodozi tangu tarehe 1 Septemba 2025, na chupa zenye hicho kiambato bado unazikuta kwenye maduka mengi. Wanaozishika kutwa ni sisi. Mteja anakuja kila wiki tatu, mimi nina wateja watatu kwa siku. Glavu na barakoa ni sehemu ya mazungumzo ya malipo kama asilimia ilivyo, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri ndiye atoe vifaa vya kujikinga.

Baada ya wiki sita nikaomba kikao.

Nilichagua Jumatatu asubuhi, saa tatu, siku ambayo Sinza yote inaamka taratibu. Nilikuwa nimejumlisha wiki sita kwenye ukurasa mmoja. Siku za kazi 36. Wateja 104. Rangi ya jeli 52 kwa 15,000, akriliki 18 kwa 35,000, kujazia 11 kwa 25,000, pedikyua 14 kwa 20,000, kutoa kucha 9 kwa 5,000. Jumla 2,010,000. Fungu langu kwa 35 lilikuwa 703,500. Nilitaka 45.

"Mdogo wangu," dada akaniambia, "saluni nzima inalipa 35. Nikikupa wewe 45, wenzako niwaambie nini?"

Sikujibu hilo. Nilimwomba tuangalie pamoja. Nikaweka kaunta buku mezani, nikalifungua ukurasa wa jumla, nikaligeuza lielekee kwake. Akaliangalia kwa muda. Akavuta miwani. Kisha akainuka, akaenda kwenye droo ya mapokezi, akarudi na la kwake, la kwaya mbili, jalada la kijani. Tukakaa hapo na madaftari mawili kati yetu, yeye anasoma tarehe, mimi nafuata kwa ncha ya penseli.

Lake lilikuwa na wateja 103. Kwake kulikuwa na mmoja ambaye kwangu hayupo: kutoa kucha, Jumamosi usiku, umeme ulikatika tukamalizia kwa tochi ya simu na nilisahau kuandika. Kwangu kulikuwa na wawili ambao kwake hawapo. Jeli moja na kujazia moja, wote siku aliyosafiri, wote walilipa kwa simu. Akafungua jumbe zake akatafuta, akazikuta zote mbili, 15,000 na 25,000. Akatoa pochi akanihesabia 14,000 yangu hapo hapo, kabla hata hatujarudi kwenye suala la asilimia. Nataka mjue kwamba hakuwa ameniibia. Saluni ina meza nne za kucha, wasusi watano na simu moja ya kupokelea malipo. Vitu vinapotea. Ila vilikuwa vinapotea upande wangu.

Baada ya hapo sauti yake ilibadilika, akaanza kuniongelesha kama mtu mwenye hesabu. Nikamwonyesha ukurasa wa chupa. Kwenye jeli ya 15,000 mimi napata 5,250, yeye anabaki na 9,750, akitoa vifaa 2,000 anabaki na 7,750. Kwa 40, mimi 6,000, yeye 7,000 baada ya vifaa. Akanisikiliza, kisha akanijibu vizuri sana, na jibu lake naliandika hapa kwa sababu ni la haki. Alinisomea ukurasa wake: pango linalolipwa miezi sita kwa mkupuo, LUKU, maji, dada wa mapokezi, mapato ya TRA, na ile miezi miwili ya mwanzo saluni ilipokaa bila wateja na pango likaendelea. Daftari langu halikuwa na mstari hata mmoja wa hayo. Nilikuwa nimekuja na 45 nikiwa nimehesabu vifaa tu.

Nikashuka mpaka 40. Lakini nikaomba mambo mengine, na hapa nguzo ya muda na ya neno la ziada ndizo zilizonibeba. Mwanzoni seti ya akriliki ilinichukua saa mbili na dakika hamsini. Wiki ya sita nilikuwa saa mbili kasoro dakika tano, na kurudi kwa kucha zilizobanduka kulikuwa kumepungua: kati ya akriliki 18, zilirudi tatu, mbili kati ya hizo ni za wiki mbili za kwanza. Wateja 21 waliandikwa kwamba waliniomba mimi kwa jina. Siku nne nilikaa kutwa bila mteja hata mmoja, nikalipa nauli ya kwenda na kurudi na chakula kutoka mfukoni.

Tulivyokubaliana ni hivi. Asilimia 40 ya bei aliyolipa mteja, bila kutoa kitu. Kucha ikibanduka ndani ya siku saba kwa kosa la kazi, nairudia bure, na sikatwi chochote cha nyuma. Ikipita siku saba au mteja ameigonga mwenyewe, analipa. Siku isiyo na mteja kabisa napewa 5,000. Bakshishi inayoingia kwenye simu ya saluni ni yangu yote na inaandikwa. Glavu na barakoa ni za saluni. Dada akayaandika mwenyewe, kwa mwandiko wake, kwenye daftari langu, akasaini, nami nikasaini, kisha akaupiga picha ule ukurasa kwa simu yake. Wenzangu wa meza nyingine walipouliza, akawaambia waje na daftari. Wawili walikuja nalo baada ya mwezi, na wote wapo kwenye 40 sasa.

Kwa wiki zile zile sita, 40 ingekuwa 804,000. Tofauti ni 100,500. Daftari ni 6,500.

Jambo la sheria nililijua nikiwa nimechelewa. Mteja wangu mmoja anafanya kazi za sheria, na siku moja mkono wake ukiwa kwenye taa nilimsimulia habari ya ile 45,000 ya Kijitonyama. Akatoa mkono kwenye taa kabla haijazima. Aliniambia kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, haimruhusu mwajiri kukukata kwa sababu ya kitu kilichoharibika mpaka kwanza iwe ni kosa lako, akueleze kwa maandishi sababu na kiasi na alivyokipata, na akupe nafasi ya kupinga. Na hata hapo, makato yote hayapaswi kuzidi robo ya malipo yako. Nikapiga hesabu pale pale. Robo ya 286,000 ni 71,500. Nilikatwa 72,000, bila karatasi.

Nikamwambia, "Lakini dada, mimi sikuwa mwajiriwa, nilikuwa mtu wa kamisheni." Ndivyo tunavyoambiwa wote, na ndivyo tunavyojiambia. Akanijibu kwamba kuna Sheria ya Taasisi za Kazi, nayo ya 2004, kifungu cha 61, inayosema ukifanya kazi chini ya maelekezo ya mtu, au saa zako anapanga yeye, au vifaa ni vyake, au umemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita, unahesabiwa kuwa mwajiriwa mpaka yeye athibitishe vinginevyo. Nilikuwa nafanya saa 45 kwa wiki moja. Ningeweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile watu wanayoiita CMA, ambako kupeleka lalamiko hakulipiwi. Lakini madai ya namna ile yanatakiwa yafike ndani ya siku 60, na zangu zilikuwa zimeshapita. Na hata ningewahi, msuluhishi angeniuliza kile kile alichoniuliza mama mdogo.

Turudi kwenye bidhaa yenyewe, maana ina kasoro na ni haki mzijue kabla ya kununua.

Kwanza ni kubwa. Meza ya kucha ina taa, mto wa mkono, chombo cha vumbi, chupa kumi na mbili na mikono miwili ya mtu. Kaunta buku halina pa kukaa. Mimi nimelitengenezea nafasi chini ya meza, kwenye rafu ya taulo, nalitoa mteja akiondoka. Pili, mishono ya katikati ilianza kulegea kwenye ukurasa wa 60 hivi, kurasa nne zikachomoka, nikazirudisha kwa gundi ya tipsi, ambayo kusema kweli inashika vizuri kuliko gundi yao. Tatu, jalada likidondokewa na asetoni linapauka na kunata. Nne, kurasa hazina namba. Zipige namba mwenyewe siku ya kwanza, zote 288, kwa peni, kabla hujaandika kitu. Ukurasa ukichanwa utajua, na yeyote atakayekagua atajua pia. Vumbi la kucha linaingia kila mahali. Kila jioni nalikung'uta nje.

Karatasi ni nyepesi lakini inavumilia penseli na ufutio. Mistari iko sawa. Mgongo wa kitambaa ni imara, hilo nawapongeza.

Nilijaribu njia nyingine. Simu ilinishinda siku ya pili: ukiwa na glavu zenye jeli huwezi kuigusa, na bosi akikuona umeinamia simu anadhani unachati. Daftari dogo la 2,000 linaenea kwenye mfuko wa aproni, lakini nguzo saba hazienei, na linaonekana kama kitu cha siri. Hilo la siri lina uzito. Kaunta buku likiwa mezani kila mtu analiona, dada analiona, mteja anaona nikiandika alicholipa, na hakuna siku nimeonekana nimefungua kesi. Kuna wanaotumia kitabu cha risiti chenye kaboni, kizuri sana kama saluni itakubali kukata risiti kila mara. Yetu haikati kila mara.

Kwa atakayeuliza kuhusu kwaya: moja inaisha mapema mno, nne ni nzito kubeba kwenye daladala. Tatu inatosha kama mwaka ukitumia ukurasa kwa siku. Kuhusu bei, usilipe zaidi ya 7,000. Mtaani kwetu Sinza wanataka 9,000 kwa kile kile cha Kariakoo.

Nalipatia nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya mishono.

Leo nipo ukurasa wa 197. Kabla halijaisha nataka kuomba tena kikao, safari hii kuhusu akriliki peke yake, kwa sababu sasa namaliza seti kwa saa moja na dakika thelathini na wateja wanaoniomba kwa jina wamepita nusu. Nimeshaanza ukurasa wa pango, LUKU na maji, dada mwenyewe ndiye anayenitajia namba kila mwisho wa mwezi. Daftari linalofuata nimeshalinunua, kwaya tatu tena, na kurasa zake nimeshazipiga namba. Kwenye ukurasa wa kwanza nimenakili makubaliano yetu neno kwa neno, nikaacha nafasi mbili za sahihi chini.